Mgeni amekuja kujifunza Kiswahili, nyumba nzima inamsemesha Kiingereza

Mwezi huu nimepokea barua tatu kuhusu wanafunzi wa kubadilishana lugha. Mmoja amekuja Tanga, mwingine anaondoka Tanga, na ya tatu kaandika mgeni mwenyewe. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana imenigusa na bado pana nafasi ya kurekebisha: zimebaki wiki tatu.

*

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora, Tanga. Shule anayosoma binti yangu wa kidato cha tatu ina urafiki na shule moja ya Ujerumani, na mwaka huu tumepewa mgeni wa wiki tano, binti wa miaka 16. Kwao amejifunza Kiswahili mwaka mmoja, masomo ya jioni. Tumeambiwa amekuja ili akizoee kwa kuishi na watu.

Tulijiandaa kweli, Shangazi. Mume wangu alinunua godoro jipya na feni, akapaka chumba rangi. Binti zangu wawili nimewahamishia kwa bibi yao ili mgeni alale peke yake kwa nafasi. Asubuhi namnunulia boflo na soseji, mchana chipsi kuku, na maji ya chupa katoni kwa katoni. Anakula mezani sebuleni. Sisi tunakula chini uani kama siku zote, maana sikutaka kumtesa kumkalisha mkekani.

Sasa wiki ya pili inaisha na sioni furaha usoni mwake. Anafunga mlango, yuko na simu. Watoto wakija kutoka kwa bibi yao wanamwandama kwa Kiingereza, mwalimu wao kawaambia wasiipoteze nafasi hiyo. Mimi Kiingereza sikijui, basi naishia kutabasamu. Juzi mama mkwe alikuja kumwona. Mgeni akampungia mkono, akamwambia "mambo!" Mama mkwe hakusema neno, lakini aliondoka kabla chai haijaiva. Jana nikiwa jikoni nakuna nazi, mgeni akaja akasimama mlangoni muda mrefu. Nikamwashiria arudi akapumzike. Akarudi.

Fedha nazo zimeanza kunielemea. Je, ni vibaya kuwaandikia wazazi wake wachangie chakula? Na nimfanyie nini tena mtoto huyu aone yuko kwao?

Mama wa watatu, Makorora

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuchoka.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale mlangoni mwa jiko lako. Mtoto amesimama, anakutazama unakuna nazi, hasemi. Wewe umemwona mgeni asiyejua pa kwenda. Mimi namwona mtu anayebisha hodi. Hajapata maneno ya kusema "na mimi nijaribu", ndiyo maana amesimama.

Kosa hilo mimi nimelifanya kabla yako. Mwaka 1998, nikiwa bado nafundisha Kiswahili sekondari hapa mjini, nilipokea mgeni wangu wa kwanza, binti kutoka Denmark, kwa mwezi mmoja. Nilimwandalia meza sebuleni, kitambaa cheupe, uma na kisu. Sahani yake niliifunika kwa kawa, nikampelekea, kisha nikarudi uani tulikokuwa tukila wote sinia moja juu ya jamvi. Niliamini kabisa kwamba namheshimu. Siku ya safari, stendi, akanipa bahasha. Ndani mlikuwa na mistari minne ya Kiswahili, kaiandika kwa kufungua kamusi neno kwa neno. Mstari wa tatu ulisema: "Kila jioni nilisikia mnacheka."

Hakuwa analalamika. Alikuwa anaeleza tu alichosikia kupitia dirishani. Barua ile naiweka kwenye kasha la vyeti vyangu, na wageni wanne waliokuja baada yake wote walikula uani.

Kwa hiyo kesho anza na nazi. Mpe kanga ajifunge, mkalishe juu ya mbuzi, mshikishe kifuu. Halafu sema unachofanya, kama unavyosema na binti zako: "Kuna taratibu, usifike kwenye kifuu. Tia maji ya uvuguvugu. Kamua. Chuja kwa kifumbu. Hili tui zito, weka kando. Tia maji tena. Hili tui jepesi, ndilo tutakalochemshia mchele. Hizi chicha, wape kuku." Hesabu vitenzi vilivyomo humo. Darasani ningehitaji kipindi kizima kuvifundisha, na Jumatatu inayofuata nusu yake wangekuwa wameshavisahau. Jikoni mkono unashika pamoja na sikio, neno halitoki tena.

Mgeni wangu wa pili alikuwa kijana wa Kifini. Siku moja nikamwambia, "Niletee mbuzi." Akatoka, akazunguka nyumba yote, akaenda mpaka kwa jirani, akarudi na jasho: "Shangazi, mbuzi hayupo." Nikamshika mkono nikampeleka nyuma ya mlango: mbuzi hii hapa. Akaitazama, akafikiri sana, kisha akauliza: "Hayupo ni yule wa maziwa, na haipo ni hii ya nazi?" Nilitamani wanafunzi wangu wote wa miaka 31 wangekuwepo wamsikie. Ngeli, ambazo wageni hulia nazo vitabuni, zilimwingia siku ile kwa sababu ya kipande cha mti na chuma. Huyo wako Mjerumani hatazishangaa sana, kwa kuwa lugha yake mwenyewe inagawa majina katika mafungu matatu, kila fungu na kijineno chake cha kutangulia. Mwambie tu kwamba sisi mafungu yetu ni mengi zaidi.

Sasa watoto wako. Mwalimu wao ana hoja, mabadilishano ni ya pande mbili na binti yako naye apate kitu. Ila hebu tazama: Kiingereza si lugha ya mgeni, wala si lugha ya wanao. Wote wanaiazima. Akitaka faida ya kweli, binti yako amwombe mwenzake amfundishe Kijerumani, lugha aliyonyonya kwa mama yake. Wekeni mapatano ya nyumba. Tangu chai ya asubuhi mpaka magharibi, Kiswahili. Baada ya isha, saa moja ya daftari: nusu saa Kijerumani, nusu saa Kiingereza wakitaka. Mapatano hayo ayaseme baba yao, kwa sauti ya kawaida, mgeni akiwepo.

Waanze na maneno ambayo tayari ni ya wote wawili. Shule ni neno la Kijerumani. Hela vilevile, ni sarafu iliyoletwa na serikali yao ya kikoloni mwaka 1904. Tena hapa hapa Tanga ndipo Wajerumani walipofungua shule yao ya kwanza ya serikali katika nchi hii, mwaka 1892. Mtoto huyo akijua kwamba neno analolisema kila asubuhi akivaa viatu huenda liliingia kupitia mji huu, atakuwa na la kusimulia kwao.

Na wewe unayesema Kiingereza hukijui, naomba usiendelee kuona haya. Katika nyumba hiyo wewe ndiye mwalimu mkuu. Akiwa na wengine anaweza kukimbilia Kiingereza akichoka, akiwa nawe hana pa kukimbilia. Sema naye Kiswahili chako cha kila siku, taratibu kidogo tu. Usipaze sauti, hana uziwi. Usimvunjie lugha ukasema "wewe kuja, wewe kula", maana atakishika hivyo hivyo na kurudi nacho kwao. Akikosea usimkatize. Akisema "viatu yangu", wewe muulize, "Viatu vyako viko wapi?" Atasikia. Siku ya tatu atajirekebisha mwenyewe, na utaona uso wake unavyong'aa.

Suala la mama mkwe limeniuma, kwani mtoto hakuwa na ubaya wowote. "Mambo" ni salamu wanayofundishwa wageni kila mahali kwa kuwa ni fupi na vijana wanaipenda. Hakuna aliyemwambia kwamba haisemwi kwa bibi. Mweleze kwa kutumia lugha yake: Wajerumani wana "du" kwa rafiki na mtu wa nyumbani, na "Sie" kwa mtu mzima wasiyezoeana. Mwambie shikamoo iko upande wa "Sie", ila sisi tunampa hata bibi yetu wa kutuzaa. Ataelewa palepale. Kisha Ijumaa mpeleke kwa mama mkwe na kilo ya sukari mkononi. Abishe hodi, avue viatu, aseme "Shikamoo bibi." Najua wanawake wa rika la mama mkwe wako. Akishaitikia marahaba, hatamwachia mpaka amfundishe salamu zote zilizobaki, umeamkaje, hawajambo nyumbani, na atamwekea sahani.

Binti zako warudishe leo. Hili nalisema kwa msisitizo. Mgeni amekuja kukaa na mwanafunzi mwenzake, na huyo umemhamisha! Watandikie chumba kimoja, kila mtu kitanda na chandarua chake. Maneno mengi ya lugha huja gizani, watu wakishazima taa. Kufunga mlango nako usikuchukulie kuwa ni kununa. Kwao milango ya vyumba hufungwa na watu wanapendana vilevile. Pia akisema "hapana, asante", ameshiba. Sisi tumezoea kukataa kwanza na kukubali tukibembelezwa mara ya tatu. Yeye hakulelewa hivyo, akibembelezwa mara tatu anaona kama hasikilizwi.

Chakula. Acha soseji, acha chipsi. Mpe mnachokula: vitumbua na chai ya iliki, mihogo ya nazi, wali na samaki wa kukaanga, mchicha, maziwa ya mtindi, machungwa ya Muheza. Bada na mchuzi wa papa amjaribishe bibi, kidogo, asilazimishwe. Pilipili pembeni. Wajerumani wengi usiku hula mkate na jibini, chakula cha baridi, kwa hiyo sahani ya wali saa mbili usiku inaweza kumlemea. Mpunguzie bila maneno. Maji yachemsheni, yakitokota sawasawa yaacheni dakika moja, yapoe, yawekwe kwenye chombo safi chenye mfuniko. Utaona nusu ya gharama yako imekwisha hapo.

Kuhusu wazazi wake: usiwaandikie, na usimtume mtoto. Nenda kwa mwalimu msimamizi, mwombe akuonyeshe karatasi ya makubaliano ya shule hizo mbili. Kuna mipango inayotoa fungu la chakula kwa mwenyeji na huenda fungu lako lipo halijakufikia. Kuna mipango mingine ambayo familia hupokea bila malipo kwa kuwa zamu ya kupokelewa inakuja. Kama wenu ni wa aina hiyo, sahani unazompa leo binti yako atazila Ujerumani. Lakini uione karatasi.

Yapo mambo ambayo hayana mjadala, yasome pamoja na mume wako. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto, na huyu mko naye kama mnavyokuwa na wenu. Mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wajue kwamba mna mgeni. Muwe na nakala ya pasipoti yake, ya viza yake na ya kadi ya bima, pamoja na namba ya mwalimu anayepatikana usiku. Akipata homa, apimwe malaria siku hiyo hiyo, msimpe dawa ya dukani kwa kukisia. Hata kama anameza vidonge vya kinga, apimwe. Na mwambieni kwamba akiugua homa baada ya kurudi kwao, hata wiki kadhaa baadaye, amwambie daktari alikuwa Tanga. Bodaboda bila kofia, hapana. Kuogelea peke yake, hapana. Kwao kijana wa miaka 16 anaruhusiwa kununua bia, hapa ni mpaka 18, kwa hiyo aambiwe mapema kabla hajaaibika dukani. Na watoto wote nyumbani, yeye akiwemo, waijue namba 116, simu ya bure ya kuomba msaada kwa ajili ya mtoto.

Saa za kurudi nyumbani ziandikeni kwa kuchora. Tunajua wageni huchanganya saa zetu kwa kupitiliza saa sita mbele au nyuma. Kwa Mjerumani kuna na mtego wa pili: wao husema "nusu nane" wakimaanisha saba imepita nusu, nane bado haijafika. Ukimwambia "saa kumi na moja na nusu" mtoto ana hesabu mbili za kufanya kichwani. Mchoree uso wa saa na mishale yake, ubandike mlangoni.

Jumamosi mpelekeni soko la Mgandini na kapu, apewe orodha na hela zake, anunue mwenyewe. Mapango ya Amboni ni kama kilomita 8 tu kutoka mjini, magofu ya Tongoni yapo njia ya Pangani, na Vibambani karibu na Machui ndipo alipozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Anaweza kuuliza habari za Wajerumani wa zamani, maana reli na mkonge atakavyoviona njiani ni kazi ya enzi zao. Mwambieni ukweli wote: kwamba mkonge waliuleta mwaka 1893, na kwamba miaka minne kabla ya hapo, Desemba 1889, walimnyonga Abushiri pale Pangani kwa kuwapinga. Binti wa miaka 16 hana deni la mambo hayo. Lakini amekuja kujifunza lugha, na wenye lugha ndio hao yaliowapata hayo.

Niandikie wiki ya tano, uniambie nazi ngapi amekuna.

*

Shangazi, salaam alaikum.

Kijana wangu wa miaka 17 amechaguliwa kwenda wiki tatu kwenye mji wa pwani kaskazini mwa Ujerumani, mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Desemba. Ni mara yake ya kwanza kupanda ndege. Mama yake anataka apeleke machungwa na samaki wa kukausha. Mimi nawaza swala zake na chakula. Tumfungashie nini, na tumwambie nini?

Baba wa kijana, Ngamiani, barabara ya 12

*

Waalaikumu salaam, kaka yangu, na hongera.

Machungwa yabaki Tanga. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kuingiza matunda mengi bila cheti cha afya ya mimea, na nyama na maziwa ndiyo kabisa, hata kidogo. Katika matunda machache yaliyosamehewa, nazi imo! Basi apeleke nazi mbili zilizofuliwa vizuri, na mbuzi ndogo ya kukunia. Samaki naye aachwe, asije akaanza safari kwa kueleza mzigo wenye harufu mbele ya maofisa. Badala yake funga iliki, mdalasini na karafuu za Amani, majani ya chai ya Usambara, na kanga doti moja kwa mama mwenyeji. Kabla ya kuifunga kanga hiyo, kijana ajizoeze kueleza maana ya jina lake kwa maneno yake mwenyewe. Matumbawe na makombe ya baharini asiyaguse, yana sheria kali huku na kule.

Nguo: baridi ya Desemba kule si ya Lushoto. Usinunue koti zito hapa kwa bei ya kuumiza, mwandikie mwenyeji kupitia shule uulize kama wanalo la kumwazima, mara nyingi lipo kabatini. Viatu vya kufunika, soksi nyingi, fulana za kuvaa moja juu ya nyingine. Jua huzama karibu saa kumi jioni. Hilo huwapiga watoto wetu kuliko baridi yenyewe, anatoka shule na giza linaingia, roho inazama. Mwambie mapema kwamba ni majira na yatapita, na kila siku atoke nje mchana hata kama kuna mawingu.

Kwa swala, ufupi huo wa mchana una maana kwamba adhuhuri, alasiri na magharibi zinakaribiana sana, ndani ya saa chache tu. Achukue ratiba ya mji ule, asifuate mazoea ya hapa. Aeleze mapema shuleni anahitaji chumba kitulivu kwa dakika kumi. Chakula: soseji nyingi kule ni za nguruwe, na mwenyeji asipoambiwa hatajua. Andikeni kwenye fomu, wazi, asichokula. Wajerumani wanapenda kuambiwa kabla, na hawaoni kuwa ni usumbufu. Maduka ya Waturuki yenye nyama halali yapo katika miji mingi.

Viza shughulikieni sasa. Kwa kuwa yuko chini ya miaka 18, idhini ya baba na mama wote wawili itahitajika kwa maandishi.

Halafu jambo moja la kumwambia usiku, mkiwa wawili. Vijana wetu wana adabu, wakisemeshwa wasilolielewa huitikia "sawa". Kule "sawa" ni ahadi. Akisema sawa saa saba kamili kituoni, watu watamngoja saa saba kamili. Ajifunze sentensi moja ya Kijerumani kabla ya nyingine zote, ile ya kusema "sijaelewa, tafadhali rudia". Na mama yake ajue kwamba wakati huo wa mwaka saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili, asimpigie alfajiri yetu akadhani kijana amekataa kupokea.

*

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mgeni, ninasoma hapa Tanga miezi mitatu, naishi Raskazone. Naandika barua hii mwenyewe. Mdogo wangu wa hapa nyumbani alinisaidia bahasha tu. Swali langu ni hili: nikisema Kiswahili, watu wanacheka. Sokoni wanacheka, dukani wanacheka, hata bibi wa nyumba anacheka. Nyumbani kwetu, mtu akicheka namna hii, maana yake umefanya vibaya. Sasa naogopa kusema. Je, Kiswahili changu ni kibaya?

Mwanafunzi, Raskazone

*

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeichapa kama ulivyoiandika, nimegusa maneno matatu tu. Uliandika "dada yangu mdogo", nami nikaweka "mdogo wangu", kwa sababu kwetu aliyezaliwa nyuma yako ni mdogo wako, awe wa kike au wa kiume. Uliandika "barua huyu", nikaweka "barua hii". Na uliandika "nyanya wa nyumba", nadhani kitabu chako kilitungwa Kenya. Wao nyanya ni bibi, hapa Tanga nyanya unamnunua kwa fungu pale Mgandini. Kama ndivyo ulivyomwita mwenyewe siku ile, nadhani umeshajua kwa nini alicheka.

Watu hao hawakucheki, wanafurahi. Tofauti utaisikia ukisikiliza baada ya kicheko: je, wanaendelea kusema nawe? Muuza nyanya akikucheka kisha akakuuliza unatoka wapi, akakuongezea moja juu ya fungu, amekupenda. Wapo wachache watakaocheka kwa ubaya, hao hucheka na kugeukiana wao kwa wao. Waache, nenda meza ya pili.

Tena kuna dawa. Wakicheka, uliza: "Inasemwaje?" Neno moja tu hilo. Atakayekuwa karibu atakufundisha palepale, na kesho atakuita kwa jina.

Nami nakualika. Mwalimu wako anaijua nyumba yangu. Ijumaa, alasiri ikishaswaliwa, njoo na mdogo wako na hiyo daftari yako. Nazi nitakuwa nimeshazifua, lakini sitazikuna.